Chini ya Ndege ya Yusufu

Vijana, mtu akisikia kwamba nilifanya kazi ya ndege hadi kustaafu, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Mzee, ulifika nchi gani?" Namjibu kwamba nilifika Rwekubo, kisoko cha hapa jirani. Anacheka, anadhani namtania. Lakini ndiyo kweli yenyewe. Rubani alikuwa juu na mimi nilikuwa chini, kwenye pikapu yenye madumu ya petroli, mara namfuata, mara namtangulia. Yeye akiruka kutoka Mbarara kwenda Kasese, mimi nilikwenda kwa barabara. Akikata juu ya ziwa, mimi nililizunguka. Safari ndefu ya ndege ndogo, nusu yake hufanyika ardhini, na nusu hiyo ndiyo ninayoijua. Nawaandikia ninyi mnaojifunza ufundi hapa kambini Nakivale na kule mjini, kwa sababu karibu kila nilichojua nilipewa na watu, na nisingependa kiishie kwangu.

Kwanza niwaeleze ilikuwa ndege gani. Msiwaze ndege ya abiria. Hii ilikuwa bawa la kitambaa kigumu lililotandazwa juu ya mabomba ya alumini. Chini ya bawa palikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, magurudumu matatu, na injini ndogo mgongoni iliyosukuma badala ya kuvuta. Haikuwa na mlango wala kioo. Rubani alishika bomba moja kwa mikono miwili: akilivuta tumboni ndege inashuka na kuongeza mwendo, akilisukuma mbele inapanda na kupunguza mwendo. Ilikuwa nyepesi: bila watu ndani, wanaume wachache tuliweza kuiinua na kuigeuza kama meza. Mjini Mbarara waliiita "boda ya juu."

Rubani na mwenye ndege alikuwa Yusufu, mtoto wa Mbarara, Mwislamu, aliyekulia karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Kiswahili chake kilikuwa cha wanajeshi, kifupi, kisicho na mapambo. Alikuwa amejifunza urubani Kenya. Watu waliotaka picha za mabwawa na fukwe za maziwa, au waliotaka kuhesabiwa ng'ombe kwenye nyanda, walimwajiri yeye, kwa sababu ndege kubwa ilikuwa ghali na hii ilitua popote penye majani mafupi.

Alinipata Rwekubo. Mimi nilikuwa nimetoka Uvira mwishoni mwa miaka ya tisini, na huko nilikuwa fundi wa injini za boti. Siku hiyo nilikuwa nimechuchumaa barazani kwa mtu, natengeneza msumeno wa injini. Yusufu akasimama juu yangu, akatazama muda mrefu bila salamu.

"Wewe Mukongo, naambiwa unajua injini ya boti."

"Najua, bwana."

"Injini ya boti na injini ya ndege, tofauti yake nini?"

Nikamwambia, "Ya boti ikizimika, unaogelea."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Kesho kuja Mbarara," akasema. "Lakini usiambie mke yangu hiyo maneno."

Nilikwenda. Nilikuwa mkimbizi mwenye bisibisi mbili na kipande cha msasa, na yule mtu akaniamini na injini iliyombeba yeye mwenyewe. Hadi leo nikikumbuka, nashukuru. Kijana akikabidhiwa kitu kizito kuliko alichozoea, asikimbie. Aulize sana, lakini asikimbie.

Yusufu alifundisha kwa mikono. Kila asubuhi kabla ya kuruka tuliigusa ndege yote, kuanzia pua hadi mkia wa bawa, kila nati kwa kidole, na aliyegusa alitamka jina la kitu alichokigusa. Mwanzoni niliona aibu, watu wazima wawili wanaizunguka ndege wakisema "nati ya gurudumu, waya wa kushoto, pini ya bawa" kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Baadaye nikaelewa. Jicho huzoea. Linapita juu ya kitu kilicholegea na kukiona kizima kwa sababu jana kilikuwa kizima. Kidole hakizoei haraka hivyo, na mdomo ukilazimika kutaja, akili nayo inalazimika kufika pale.

Petroli tuliichuja kwa kofia. Naam, kofia, zile nzito za sufu iliyogandamizwa, ambazo wenye ng'ombe wa Ankole huvaa wakienda mnadani. Unaitia ndani ya mpare, ile faneli ya kumiminia, unailowesha kwanza kwa petroli safi kidogo, kisha unamimina taratibu. Petroli inapita, maji yanabaki juu kama matone ya jasho. Petroli ya kwenye madumu haikosi maji, maana dumu likipoa, hewa ya ndani inatoa umande. Gari likinywa tone la maji linakohoa, dereva anasimama kando ya barabara. Kule juu hakuna kando. Siku moja pale Isingiro mzee mmoja mwenye ng'ombe alitukuta tukichuja, akashika kofia yake kichwani kwa mikono miwili. "Nyinyi vijana," akasema, "kofia ya nani hiyo, imekosa nini?"

Nyigu nao walitufundisha. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia. Chukua dumu la maji, ulimimine haraka: utasikia likigugumia, kwa sababu maji yakitoka lazima hewa iingie. Tangi la petroli ni hivyohivyo. Tuliiacha ndege siku kadhaa chini ya kibanda, na nyigu wa udongo akaliona lile tundu, akaliziba vizuri sana, akaweka na watoto wake. Injini iliwaka bila shida, ikanguruma, halafu ikaanza kudhoofika kama mtu aliyeshikwa koo. Namshukuru Mungu ilikuwa bado inakimbia chini. Tangu hapo, ndege ikilala, nilichomeka kijiti kwenye tundu, na kijiti nilikifungia uzi mrefu ulioning'inia mbele ya kiti, ili rubani asiweze kukaa bila kukiona na kukichomoa.

Upepo tulijifunza kwa kaloli, yule ndege mkubwa mwenye upara anayezunguka majalala ya Mbarara. "Tazama kaloli," Yusufu aliniambia. "Yeye hapana tua na upepo nyuma, hata siku moja." Ndivyo ilivyo kwa ndege yoyote: ukitua huku upepo unakupiga usoni, unakuja polepole na unasimama karibu. Upepo ukiwa mgongoni unakusukuma, na uwanja unakwisha kabla hujasimama. Baadaye, miaka ilipokwenda, kilikuja kile kifaa kidogo cha kuonyesha uko wapi, rubani anakifunga pajani. Simu nazo zikawa nzuri, picha za mawingu zikaonekana kwenye kioo. Vyote hivyo nilivipenda, na aliyekuwa akisema vinaharibu kazi hakuwahi kumsubiri mtu anayekuja na mvua. Lakini hata siku za mwisho, Yusufu akizunguka juu ya uwanja, nilijua anatafuta kaloli.

Sasa niwaambie siku ambayo sitaisahau. Ilikuwa kabla ya vifaa hivyo.

Yusufu alikuwa na kazi ya kupiga picha mabwawa ya kusini, na kituo chake cha kujaza petroli tulikiweka hapa kambini, kwenye uwanja wa mpira ulio karibu na kanisa. Ruhusa tulipata. Mimi nilitangulia na petroli, nikang'oa milingoti ya magoli, nikafukia mashimo. Yeye angetoka Kasese na kufika alasiri. Hakuwa amewahi kutua Nakivale, na kutoka juu viwanja vya huku hufanana: majani, njia za miguu, mbuzi. Kwa hiyo tulikubaliana ishara. Ningetandika vipande viwili vya shitingi nyeupe kwenye uwanja, vikiwa na umbo la herufi T, kichwa cha T kikielekea upepo unakotoka. Tulikuwa tumeijaribu Mbarara, ikaonekana kutoka mbali sana, nyeupe juu ya kijani. Tulijipongeza.

Shitingi, kwa asiyejua, ni karatasi ngumu ya plastiki tunayopewa wakimbizi kuezekea. Hebu fikirini wenyewe. Kwenye kambi ya wakimbizi, mimi niliyelala chini ya shitingi kila siku, nilitandika shitingi ili mtu aione.

Alinipigia simu kutoka Kasese. Mtandao ulikuwa wa kupanda juu ya kichuguu, nikapanda. "Natoka sasa," akasema. "Weka kitambaa." Baada ya hapo simu haikuwa na kazi tena, maana kwenye kiti kile cha wazi, na injini nyuma ya kisogo, husikii hata mawazo yako.

Alasiri ilipofika, mbingu upande wa Mbarara ilikuwa nyeusi kama sufuria. Njia yake ilipita huko. Nilijua angelazimika kuzunguka kusini, juu ya vilima vya Isingiro, na petroli aliyokuwa nayo ilikuwa ya njia iliyonyooka na akiba kidogo. Kwa hiyo nilipousikia mlio wake ukitokea upande wa vilima, nilielewa. Alikuwa amezunguka, na tangi lilikuwa karibu tupu.

Akaanza kuzunguka juu ya kambi, mbali na mimi, ng'ambo ya bonde. Akazunguka tena. Ndipo nikageuka nikaangalia kambi kama yeye alivyoiona. Nyumba zilikuwa nyeupe kwa shitingi, na kila ua lilikuwa na shitingi iliyoanikiwa mihogo. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja, watu walikuwa wanakimbia kutoa shitingi zaidi. Yangu ilikuwa moja kati ya hizo zote.

Mama Riziki, muuzaji wa nyanya na mwimbaji wa kwaya aliyechelewa mazoezi siku ile, mtu asiyeweza kunyamaza, alikuwa amesimama kando ya uwanja.

"Baba Neema, rafiki yako anatafuta nini kule?"

"Ananitafuta mimi."

"Na asikuone? Munene hivi?"

Nikashika shitingi yangu nikaipunga. Nikavua shati nikalipunga pia. Lakini kambi nzima ilikuwa inapunga. Ndege ikipita chini hivyo, nani hapungi? Nikakumbuka moshi, nikaanza kukusanya majani makavu.

"Unawasha moto?" akasema Mama Riziki. "Nani hapa hajawasha? Hii ni saa ya bugali."

Nikainua kichwa, na kweli moshi ulikuwa umesimama juu ya kila jiko.

Kisha nikaona jambo baya zaidi. Ng'ambo ya bonde wafyatua matofali walikuwa wanafunika matofali yao mabichi. Walikuwa na safu ndefu moja, na nyingine fupi iliyoikata mwishoni. Walipomaliza kutandika shitingi zao nyeupe, ikawa T, kubwa kuliko yangu, tena nzuri kuliko yangu. Na pande zote za ile T palikuwa na mashimo walikochimba udongo, mengine ya kumfikia mtu kifuani, na majani yalikuwa yameota yakayaficha. Yusufu akaiona. Bawa likainama, akaanza kushuka kwenda kwao.

"Anaenda ku matofali!" Mama Riziki akapiga kelele. "Atavunjika kule!"

Nikageuka huku na huku kutafuta kitu ambacho kambi haina. Kitu kimoja tu. Na kitu hicho kilikuwa mbele ya kanisa, kimeshika vitabu vya nyimbo. Fundi cherehani alikuwa amemaliza nguo mpya za kwaya siku ile, nyekundu kama pilipili, na wote walikuwa wamezivaa kuzijaribu huku wakifanya mazoezi. Mwalimu wao alikuwa Elia, tuliyemwita Maestro, mtu mfupi mwenye adabu nyingi.

Nikamkimbilia. "Maestro, nipe kwaya yako."

"Tuko mu repetisio, Baba Neema."

"Yule mtu atakufa. Haoni uwanja. Anatafuta kitu, na hapa chekundu ni ninyi tu."

Maestro akaitazama ndege, kisha wingu. "Mvua iko hapa. Hizi manguo ni mupya, hayiyafika hata mu kanisa. Rangi itatoka."

"Mimi nitafua!" Mama Riziki akasema. "Zote nitafua. Twende!"

Wakaja mbio. Nikawaambia wagawanyike, nusu mstari wa kushoto wa uwanja, nusu wa kulia, wasimame mbalimbali. Wakavurugika. Mume alimfuata mke, dada alimfuata dada, wote wakarundikana katikati ya uwanja kama damu iliyomwagika. Nikapiga kelele, wakazidi kurundikana.

"Wacha," Maestro akasema. "Wewe haubajue." Akapiga makofi mawili. "Soprano na alto, kushoto! Tenori na basi, kuume! Mikono wazi, mutu asiguse mwenzake!"

Vijana, nisikilizeni. Kabla sijafunga mdomo, uwanja ulikuwa na mistari miwili iliyonyooka, myekundu, kutoka mwisho hadi mwisho. Tangu siku ile sikuwahi tena kuwapanga watu kwa mpango wangu kabla sijauliza wao hujipangaje.

Lakini vumbi lilikuwa limeanza kutujia kutoka Mbarara. Pumzi ya mvua ilikuwa imegeuza upepo, na T yangu sasa ilidanganya. Nikaivuta pembeni. Nikamshika Maestro mkono, nikampeleka mwisho wa uwanja upande wa mvua, nyuma ya pale goli lilipokuwa.

"Simama hapa. Atakuja akikutazama wewe."

"Mimi? Mbele ya ndege?"

"Mbele, lakini mbali. Inua mikono akuone."

Akainua mikono, nami nikakimbilia mwisho wa pili wa uwanja. Na Maestro akiinua mikono, wale watu walijua jambo moja tu la kufanya. Wakaimba.

Ndege ilikuwa chini sana juu ya matofali. Niliwaona wafyatua matofali wakitawanyika. Nilitaka kufumba macho, sikuweza. Halafu mlio wa injini ukabadilika, ukawa mzito, pua ikainuka, na bawa likageukia upande wetu. Alikuwa ameona. Akavuka bonde, akapita nyuma ya kanisa, akazunguka ili aje akikabili upepo. Hapo injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Sijui kama mmewahi kusikia ukimya wa namna ile. Kilichobaki ni kitambaa cha bawa kikivuma na kwaya ikiimba. Akaja kama jani, juu ya njia ya kanisa, juu ya kichwa changu, kati ya sauti za wanawake na sauti za wanaume. Magurudumu yakagusa, yakaruka kidogo, yakagusa tena, na akasimama hatua chache mbele ya Maestro, ambaye hakusogea wala kushusha mikono.

Nikakimbia. Yusufu alikuwa bado ameketi, ameshika bomba kwa mikono miwili.

"Baba Neema," akasema polepole, "mimi nilikuwa naona shitingi, shitingi, shitingi. Halafu nikaona hawa. Halafu injini ikanyamaza, nikasikia watu wanaimba. Nikasema, Yusufu, kwisha, umekufa." Akavua kofia ngumu. "Lakini nikajiuliza, mbona napokewa na nyimbo ya kanisa, mimi mtu ya msikiti?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, siwafichi.

Mvua ikafika. Haikuanza kwa matone, ilikuja yote. Nikadhani watakimbia kuokoa nguo zao, lakini wimbo ulikuwa bado una ubeti mmoja, na Maestro hakuwa ameshusha mikono. Wakasimama wakaumaliza, rangi ikiwachuruzika miguuni na kuingia majanini. Yusufu akashuka, akasimama kati ya mistari miwili, kofia ngumu mkononi, akangoja mpaka sauti ya mwisho ikakatika.

Kisha akawaendea mmoja mmoja. Alianzia kwa soprano, akamshika kila mtu mkono na kusema asante, akavuka upande wa pili kwa basi, akafanya vivyo hivyo, hakumruka hata mmoja, na viganja vyake vikawa vyekundu kama vyao. Wa mwisho alikuwa Maestro. Yule mtu mfupi alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini alikuwa na jambo lililomkera, na hakuweza kulizuia.

"Muzee," akamwambia Yusufu, "samahani sana. Kule juu, ulisikia pale fasi alto walikosea?"

Yusufu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hapana," akasema. "Mimi sikusikia kosa hata moja."